MAISHA YA MAJOR TAYLOR, BINGWA WA BAISIKELI

Baisikeli ni chombo tunachokifahamu sana. Wako kati yetu wanaokuja nayo shuleni kila siku, na wako wazee wetu waliobebea juu yake ndizi, maziwa na hata wagonjwa. Lakini ni wachache wanaojua kwamba zamani, kabla motokaa hazijaenea duniani, mbio za baisikeli zilikuwa mchezo mkubwa sana katika Marekani na Ulaya, na kwamba aliyewapita wote kwa mbio siku zile alikuwa mtu mweusi, mzao wa watumwa. Huyo ndiye Major Taylor, ambaye maisha yake tunapenda kuyaeleza hapa kwa ufupi.

Marshall Walter Taylor alizaliwa tarehe 26 Novemba, 1878, karibu na mji wa Indianapolis, katika jimbo la Indiana. Wazazi wake walikuwa wametoka Kentucky, na baba yake, Gilbert Taylor, alikuwa amepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, upande wa Kaskazini, ule uliokomesha utumwa. Baadaye baba huyo alipata kazi ya kuendesha gari la farasi kwa tajiri mmoja wa Kizungu aliyeitwa Southard. Tajiri huyo alikuwa na mwana wa rika moja na Marshall, na watoto hao wawili wakapendana sana. Basi Marshall akakaa katika nyumba ile, akavaa nguo kama za mwenzake, akafundishwa na mwalimu yule yule, na hata baisikeli akapewa ya kwake mwenyewe. Siku zile baisikeli ilikuwa mali ya wenye fedha.

Hata hivyo hakukosa kuonja ubaguzi. Wenzake walipokwenda kufanya mazoezi ya viungo katika jengo la Y.M.C.A., yeye hakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya rangi yake. Baadaye akina Southard walihamia Chicago, na mama yake hakukubali kuachana na mwanawe. Marshall akarudi kwao, kwenye maisha ya shida, akawa anapeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Alirudi na baisikeli yake, na tena alirudi akijua jambo moja: kwamba mtoto mweusi na mtoto mweupe wakipewa chakula kimoja na mwalimu mmoja, hakuna ampitaye mwenziwe.

Katika kupeleka magazeti alijifunza michezo mingi ya ajabu juu ya baisikeli. Wenye duka moja la baisikeli mjini wakamwona, wakamwajiri afagie duka asubuhi, na jioni acheze michezo yake mbele ya mlango ili kuvuta wanunuzi. Walimvika mavazi ya kiaskari, na watu wakaanza kumwita Meja, yaani Major kwa Kiingereza. Jina hilo likamganda mpaka kufa kwake.

Mashindano yake ya kwanza yalikuwa mbio za barabarani za maili 10. Mwenye duka alimwingiza kwa mzaha tu, ili watu wacheke. Kwa kuwa alikuwa mdogo, aliruhusiwa kuondoka dakika 15 kabla ya wapandaji hodari. Kijana akaondoka, akakanyaga pedali kwa nguvu zake zote, wala wale hodari hawakumfikia. Aliwashinda kwa sekunde chache tu, na alipofika aliishiwa nguvu akaanguka. Tangu siku hiyo mzaha ukawa kazi.

Lakini kadiri alivyozidi kushinda ndivyo milango ilivyozidi kufungwa. Mwaka 1894 chama kikubwa cha wapanda baisikeli, League of American Wheelmen, kilipitisha sheria kwamba mtu mweusi asiwe mwanachama. Sheria hiyo haikumkataza kushindana, lakini iliwapa nguvu wale waliotaka kumkataza. Mwaka uliofuata, akiwa kijana wa miaka 16, aliingia katika mbio za barabarani za maili 75, yaani kilomita 120 hivi. Wapandaji wengine hawakuambiwa kwamba yumo. Ilimbidi ajifiche mpaka wenzake walipokwisha kuondoka, ndipo akawafuata. Walipomtambua walimtukana na kumtishia. Yeye aliona kwamba kubaki kati yao ni hatari kuliko kuchoka, basi akatoka mbele peke yake. Mvua ikanyesha, barabara ikawa matope, na mmoja mmoja wapandaji wakakata tamaa. Mwisho wa safari mtu aliyefika alikuwa mmoja tu, naye ni Taylor.

Hapa afadhali tueleze jambo ambalo kila mpanda baisikeli analijua. Kwenye njia tambarare adui mkubwa ni upepo. Anayetangulia ndiye anayeukata, na anayemfuata nyuma karibu karibu hupumzika, akihifadhi nguvu zake mpaka mwisho wa mbio. Kwa hiyo katika mbio za watu wengi ni rahisi watu watatu au wanne kula njama: mmoja akae mbele, mmoja nyuma, mmoja kando, na yule wanayemchukia wamfungie katikati asipate mwanya wa kutoka. Hivyo ndivyo Taylor alivyofanyiwa mara nyingi. Wapinzani wake hawakuwa wakigombea ushindi. Waligombea tu yeye asishinde. Akajifunza kutafuta upenyo mwembamba, na akiupata, kuondoka kwa ghafula hata wenzake wasiweze kumfuata. Watu walistaajabia wepesi wake huo kuliko nguvu zake.

Aliyemwona kwamba atakuwa bingwa alikuwa Louis Munger, Mzungu aliyekuwa mshindani zamani na sasa anatengeneza baisikeli. Munger alilaumiwa kwa kumsaidia kijana mweusi, lakini hakujali. Mwaka 1895 wakahamia pamoja Worcester, katika jimbo la Massachusetts, ambako watu walikuwa na ubaguzi mdogo zaidi. Katika mji huo uko mtaa uitwao George Street, wenye mlima mkali kabisa. Taylor aliupanda kwa baisikeli katika mazoezi yake, na mpaka miaka yetu hii wapanda baisikeli wamekuwa wakikusanyika pale kushindana kuupanda kwa kumkumbuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye Taylor aliinama juu ya usukani wake: alitumia chuma cha kusogeza usukani mbele, ili mgongo ulale na upepo usimpige kifuani. Chuma cha namna hiyo kimeitwa kwa jina lake.

Mwezi Desemba, 1896, akiwa na miaka 18, alianza kushindana kwa malipo huko Madison Square Garden, New York. Kwanza alishinda mbio za nusu maili mbele ya watu mashuhuri, akiwamo Eddie Bald. Kisha akaingia katika mbio za siku sita, ambazo mtu huzunguka ndani ya jumba usiku na mchana, akilala kidogo tu. Alikwenda maili 1,732, akawa wa nane. Baada ya hapo hakupenda tena mbio za namna hiyo, akajitia katika mbio fupi.

Mwaka 1897 angeweza kuwa bingwa wa Marekani, lakini wenye viwanja vya majimbo ya Kusini walimkatalia kuingia, basi hakuweza kukusanya pointi zilizohitajika. Mwaka huo huo, huko Taunton, Massachusetts, mpinzani mmoja alimwangusha baada ya mbio akamkaba koo mpaka akazimia. Mtu yule alitozwa faini ya dola 50, akaendelea na mashindano yake. Taylor naye aliendelea na yake, wala hakulipiza kisasi. Alikuwa Mbaptisti mwenye msimamo: hakunywa pombe, hakuvuta sigara, na siku ya Jumapili hakushindana hata aahidiwe fedha kiasi gani. Kwa sababu hiyo alikataa maombi makubwa kutoka Ulaya, maana kule mashindano makubwa yalifanywa Jumapili.

Hatimaye, tarehe 10 Agosti, 1899, katika mji wa Montreal, Kanada, alishinda mbio za maili moja akawa bingwa wa dunia. Kabla yake alikuwako mtu mweusi mmoja tu aliyepata kuwa bingwa wa dunia katika mchezo, naye alikuwa George Dixon, mpigana ngumi wa Kanada. Mwaka 1900 akawa bingwa wa Marekani pia. Mwaka huo alinunua nyumba nzuri katika mtaa wa Weupe huko Worcester, na majirani waliokuwa wakimshangilia uwanjani hawakupenda akae karibu nao. Yeye akakaa.

Mwaka 1901 Wafaransa walikubali masharti yake, kwamba asishindane Jumapili, naye akavuka bahari. Paris yote ilitaka kuona akipambana na Edmond Jacquelin, bingwa wa dunia wa mwaka 1900. Mbio hizo zilikuwa za watu wawili tu. Katika mbio kama hizo wapandaji huenda polepole kwanza, kila mmoja akitaka mwenziwe atangulie akate upepo, halafu ghafula mmoja huchomoka, na yote huisha kwa muda wa sekunde chache. Tarehe 16 Mei, siku ya baridi kali, Jacquelin alishinda, akamfanyia Taylor ishara ya dharau mbele ya watu. Asiyekubali kushindwa si mshindani: Taylor alikubali, akaomba warudiane. Tarehe 27 Mei, jua likiwaka, alimshinda Jacquelin mara mbili mfululizo. Kisha akatoa bendera ndogo ya Marekani, akazunguka nayo uwanja akiipunga. Bendera ile ilikuwa ya nchi ambayo viwanja vyake vingi vilimfungia milango. Katika safari hiyo ya Ulaya alishinda mashindano mengi.

Mwaka 1902 alimwoa Daisy Morris, wakasafiri pamoja mpaka Australia. Mwanzoni watu walimpokea kwa shangwe kubwa, ingawa sheria za nchi ile siku hizo ziliwazuia watu wasio Weupe kuhamia huko. Mwaka 1904 mtoto wao wa kike alizaliwa katika mji wa Sydney, wakamwita Sydney. Lakini katika safari ya pili wapandaji kutoka Marekani walimfuata huko huko na njama zao. Aliporudi nyumbani mwaka huo alikuwa amechoka mwili na roho, akapumzika kwa muda mrefu. Alirudi mbioni mwaka 1907, na mwaka 1910, akiwa na miaka 31, akaacha kabisa.

Msomaji angependa kusikia kwamba bingwa huyu alistarehe uzeeni. Haikuwa hivyo. Motokaa zilichukua mahali pa baisikeli katika mioyo ya watu. Alitaka kusomea ufundi chuoni lakini hakukubaliwa, kwa kuwa hakuwa na cheti cha sekondari. Jambo hili linatuhusu sana sisi tulio shuleni, maana mbio za miguu yake zilimpeleka dunia nzima, bali kwenye mlango wa chuo aliulizwa karatasi. Akaanzisha kazi ya kutengeneza magurudumu ya motokaa, na fedha zake zikapotea humo. Ugonjwa ukaongeza hasara. Akauza vitu vyake, mwisho akauza na nyumba. Alitumia miaka kadhaa kuandika kitabu cha maisha yake, akakitoa mwaka 1928 kwa fedha zake mwenyewe, akawa anakiuza nyumba kwa nyumba, kama alivyopeleka magazeti utotoni. Katika kitabu hicho aliwataja waliomdhulumu, lakini akasema kwamba hana chuki na mtu.

Yeye na mkewe walitengana, naye akaenda Chicago, akakaa katika nyumba ya Y.M.C.A. ya watu weusi. Alikufa tarehe 21 Juni, 1932, katika hospitali ya serikali, akiwa na miaka 53, akazikwa katika kaburi la maskini lisilo na jina.

Kaburi hilo lilikaa hivyo miaka 16. Mwaka 1948 wazee waliokuwa wapanda baisikeli wa zamani walikusanyika, wakasaidiwa fedha na Frank Schwinn, mwenye kiwanda cha baisikeli, wakahamisha mabaki yake mahali pazuri zaidi katika makaburi yale yale, wakaweka na kibao cha shaba chenye jina lake. Baadaye na wengine wakafuata. Mwaka 1982 mji wa Indianapolis, uliomkataa, ulifungua uwanja wa mbio za baisikeli ulioitwa kwa jina lake. Mwaka 2008 mnara wake ulisimamishwa mbele ya maktaba ya Worcester.

Ni vizuri tukumbuke kwamba walioanza kulipa deni lile hawakuwa serikali wala miji mikubwa. Walikuwa wazee wa mchezo wake, waliojua kwa miguu yao wenyewe ugumu wa kazi aliyoifanya. Ikiwa yuko kati yenu, wanafunzi wa zamani, anayemjua mwenziwe aliyeshinda kwa haki na watu wakamsahau, asingoje miaka 16.