Lever wa sabuni na mji wa Lusanga

Ukurasa huu wa maisha ya watu mnaujua. Kila toleo tunachukua mtu mmoja aliyekufa zamani, tunaangalia alipita wapi na aliacha nini. Safari hii hatukuchagua mtu tunayempenda. Tumemchagua juu ya ile karatasi iliyo mikononi mwa komite tangu mwezi uliopita, kontra ya mnunuzi wa ngazi. Wengi mliisikia sokoni kabla katibu hajamaliza kuisoma: mnunuzi atatujengea mashine kubwa ya kukamua mawese, atatengeneza barabara mpaka mwaloni, na sisi tutamuuzia ngazi zetu zote, yeye peke yake, kwa miaka 15. Mkutano mkuu ndio utaamua. Kuna mtu aliyewahi kuleta maneno yanayofanana na hayo katika nchi yetu, na mji aliouanzisha kando ya mto bado uko.

William Hesketh Lever alizaliwa tarehe 19 Septemba 1851 huko Bolton, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Baba yake aliuza vyakula kwa jumla. Kijana alipofika miaka 16 hivi aliingizwa katika biashara ya baba, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata sabuni. Wakati ule sabuni ilikuja kwa miche mirefu bila jina, muuzaji anakata kipande, anakifunga, anakupa. Mama zetu wanaouza sabuni ya vipande sokoni wangemfahamu mara moja.

Akili yake iliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Mwaka 1884 alichagua jina, Sunlight, na mwaka 1885 yeye na ndugu yake James wakaanza kupika sabuni yao wenyewe huko Warrington, kando ya mto Mersey. Waliikata mapema, wakaifunga kwa karatasi nzuri, wakaandika jina juu, wakaitangaza kila mahali. Badala ya kutegemea sana mafuta ya wanyama, walitumia kwa wingi mafuta ya mimea. Biashara ikafurika. Mwaka 1888 walianza kujenga kiwanda kipya na mji mzima wa wafanyakazi mahali penye matope karibu na mto uleule, na mji ukaitwa kwa jina la sabuni: Port Sunlight.

Lazima tuseme kweli, ule mji ulikuwa mzuri, na uko mzuri hata leo. Nyumba zipatazo 800, zenye bustani mbele, shule, kanisa, hospitali, na baadaye jumba la picha alilolijenga kwa ukumbusho wa mke wake Elizabeth. Wakati ule wafanyakazi wengi wa Uingereza waliishi katika vyumba vya giza na moshi, kwa hiyo aliyepata nyumba Port Sunlight alijiona amebarikiwa. Na Lever hakuwa mnafiki. Alipokuwa mbunge, kuanzia 1906 mpaka 1909, alipigania wazee walipwe pensheni.

Lakini alikuwa na tabia moja, na hiyo ndiyo inatuhusu. Faida ya kiwanda alisema ni ya wote, ila hakutaka kuwapa watu mkononi. Aliamini wakipewa pesa wataimaliza kwa pombe, peremende na bata wa Noeli. Afadhali aishike yeye, awajengee nyumba. Na nyumba ilifuata kazi: ukiacha kazi, unatoka ndani ya nyumba. Yeye ndiye alijua kilicho kizuri kwao.

Sabuni ikaongezeka, mafuta yakapungua. Lever alitafuta mashamba makubwa ya michikichi katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Magharibi. Serikali yake mwenyewe ikakataa kumpa ardhi kwa namna aliyoitaka. Wabelgiji hawakukataa. Walikuwa wamechukua Congo mikononi mwa mfalme Leopold mwaka 1908, jina lao lilikuwa limechafuka duniani kwa mambo ya mpira, na walihitaji tajiri wa kuja na pesa na sifa ya kutendea watu vizuri. Mwaka 1911 kontra ikatiwa sahihi, na Huileries du Congo Belge ikazaliwa, ile ambayo wazee wanaiita HCB.

Kontra yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye ramani walichora duara 5, kila moja lenye kilometa 60 kutoka katikati mpaka ukingoni. Ndani ya maduara hayo kompanyi ingeweza kuchagua mpaka hekta 750,000. Kwa upande wake, ilipaswa kujenga hospitali na shule katika kila duara, na kumlipa mfanyakazi si chini ya santimu 25 kwa siku. Kila duara likapewa jina jipya. Ya wafalme wa Ubelgiji yalikuwa kama Alberta na Elisabetha. Duara la Kwilu, pale mto Kwenge unapoingia katika Kwilu, si mbali na Kikwit, palipoitwa Lusanga tangu zamani, likapewa jina la mwenyewe: Leverville.

Basi mji ukainuka. Kiwanda cha kukamua, bohari, gati ya mashua, nyumba za wazungu zenye baraza, hospitali. Mashua zilipanda na kushuka mto kuchukua ngazi kwenye vituo. Mawese yalishuka Kwilu, yakaingia Kwango, kutoka pale Kasai, kutoka Kasai mto mkubwa, mpaka Kinshasa. Kisha treni mpaka Matadi, kisha meli. Mwaka 1912 mche wa kwanza wa sabuni iliyotoka katika mafuta ya Leverville ulipelekwa kwa mfalme Albert ndani ya kisanduku cha pembe ya ndovu. Mwisho wa mwaka huo Lever mwenyewe na mke wake walikuja Congo kuona kazi.

Sasa tushuke kwenye mchikichi. Aliyepanda mnamjua, wengine ni ninyi mnaosoma hapa. Kamba kiunoni, panga mkononi, unapanda mita 15 au zaidi, unakata mkungu, unashuka, unaenda mti mwingine. Ukianguka, mambo yako yamekwisha. Wanawake na watoto ndio walibeba ngazi kwa vikapu mpaka kituoni. Kazi hiyo watu wa Kwilu waliifahamu tangu mababu, ila walikuwa wanaifanya kwa mafuta yao, kwa siku waliyochagua. Kupanda kila siku kwa ajili ya kompanyi ni jambo lingine, na wengi hawakutaka. Hapo ndipo kodi ya serikali iliingia, kwa sababu kodi inatakiwa kwa pesa, na pesa ilikuwa kwenye kompanyi. Wachifu walipewa zawadi kwa kuleta watu. Waliokimbia walifuatwa. Mwaka 1923 daktari wa serikali, Emile Lejeune, aliangalia hali ya wafanyakazi wa Leverville na ripoti yake ilikuwa mbaya: malazi mabovu, chakula hakitoshi. Hospitali ilijengwa kweli, kama kontra ilivyosema. Aliyehesabu vitanda hakudanganywa.

Na ile michikichi ilikuwa ya nani? Kwa macho ya ofisi, ilijiotea porini. Mtu wa kijiji alijua mti huu uliota kwenye uwanja wa nyumba ya babu, hapa palikuwa kijiji kabla hakijahama. Karatasi haikuona nyumba ya babu. Hapa tunawaomba wafadhili wasome polepole. Sisi tuliporudi kutoka Lugufu na Nyarugusu, tuliposhuka kwenye mashua za Kigoma na kupanda mpaka kwenye vijiji vyetu, wangapi tuliambiwa neno hilohilo? Eti michikichi ya baba imekuwa pori, pori halina mwenyewe. Kesi za namna hiyo chama chetu bado kinazifuata mpaka leo.

Kuna sehemu ya maisha ya Lever ambayo haisimuliwi sana huku kwetu, na sisi tunaona ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1918 alinunua kisiwa kizima huko Scotland, kinaitwa Lewis. Alitaka kukifanya mahali pa viwanda vya samaki, na mji wake wa bandari, Stornoway, uwe mkubwa. Wanaume wengi wa kisiwa walikuwa vitani. Serikali ilikuwa imewaahidi kwamba wakirudi watapata ardhi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1919, meli Iolaire iliyowarudisha nyumbani iligonga miamba karibu kabisa na bandari, wakafa watu wapatao 200, taa za nyumbani zikionekana. Sisi tuliovuka ziwa na watoto mikononi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Waliobaki hai walitaka ile ardhi. Lever akasema hapana, vishamba vidogo ni umaskini, njooni katika viwanda vyangu, mtakuwa na mshahara na nyumba nzuri. Hakuwa anadanganya, pesa alikuwa nayo na alikwisha kuanza kujenga. Alikwenda mwenyewe mpaka Gress akasimama mbele ya watu akawaeleza mipango yake yote. Walimsikiliza kwa heshima. Halafu wakamwambia kwamba wanamshukuru, ila wanataka ardhi. Baadhi yao wakaingia katika mashamba ya Gress na Coll, wakagawana, wakaingiza ng'ombe. Mwaka 1923 alichoka. Kabla ya kuondoka aliwapa watu wa Lewis ardhi bure. Sehemu nyingine za kisiwa ziliogopa gharama zikakataa, lakini watu wa Stornoway walikubali, na mpaka leo ardhi ile inasimamiwa na watu wanaochaguliwa na wenyeji.

Ni mtu yuleyule, miaka ileile. Lewis alikutana na watu waliokuwa na kura, magazeti na wakubwa serikalini waliosikia kilio chao. Leverville serikali ilikuwa upande wa kontra. Wengine katika komite yetu wanasema tunamhukumu Lever kwa macho ya leo. Inawezekana. Lakini mwaka 1919 alikwisha kusikia kwa masikio yake mtu akimwambia kwamba mshahara si sawa na ardhi, na mwisho wa mwaka 1924, mzee wa miaka 73, alipopanda meli kuja tena Congo, duara zilikuwa zilezile.

Hiyo ilikuwa safari yake ya mwisho. Alirudi Uingereza mwaka 1925, akashikwa na homa ya mapafu, akafa tarehe 7 Mei London. Alizikwa Port Sunlight. Kompanyi yake iliungana na ya Waholanzi mwaka 1929, likatoka jina ambalo kila duka linalijua, Unilever.

Leverville iliendelea bila yeye. Bei ya mawese ilipoanguka duniani, kompanyi ilipunguza bei ya ngazi, kodi ikabaki palepale. Mwaka 1931 Wapende walisimama. Mwezi wa sita walimuua afisa mmoja Mbelgiji, Maximilien Balot, na askari waliotumwa waliua Wapende kwa mamia. Baada ya mambo hayo mchongaji mmoja wa Kipende alichonga sanamu ya Balot. Miaka ikapita, ikauzwa, ikafika katika jumba la makumbusho la Virginia, Marekani.

Jina la Lusanga lilirudi, kompanyi ikaondoka, kiwanda kikafungwa. Kuta ziko, na mto unapita. Waliokuwa wafanyakazi wa mashamba na watoto wao wameunda chama cha wachongaji. Wanafinyanga sanamu kwa udongo wa mto, zinatengenezwa upya kwa chokoleti huko Ulaya, zinauzwa, na pesa inatumika kununua tena mashamba yaleyale. Tangu 2017 wana nyumba yao ya maonyesho, nyeupe, katikati ya michikichi iliyozeeka. Mwaka 2024 ile sanamu ya Balot ilikuja Lusanga kwa miezi kadhaa. Kwa mkopo, kisha ikarudi Marekani. Katika chama chetu kuna wazee waliowahi kuja kijijini kwa kibali cha siku chache kuangalia kaburi na kurudi kambini. Wataelewa.

Turudi kwa karatasi yetu. Hatusemi mnunuzi huyu ni Lever. Barabara tunaihitaji, na mama anayebeba bidoni la lita 20 mpaka mwaloni hana haja ya hadithi za Scotland. Wafadhili wawili wameuliza kwa nini tunachelewa kutia sahihi. Jibu ni kwamba komite imemwandikia mnunuzi juu ya mambo matatu: neno peke yake liondolewe au miaka ipunguzwe, bei ifuate soko la Baraka badala ya kuandikwa mara moja kwa miaka 15, na mstari unaosema michikichi isiyo na hati ni ya porini ufutwe kabisa. Juu ya la kwanza amesema atafikiri. La pili amekubali nusu. La tatu hajajibu.

Karatasi iko kwa katibu, kila mwanachama ana haki ya kuiona. Asiyesoma Kifaransa atasomewa kwa Kiswahili kila Jumatano asubuhi mpaka siku ya mkutano, mstari kwa mstari, na aje na mtoto wake anayejua kuandika.