CHARLIE CHRISTIAN NA MIKRO YAKE

Wapiga gitari wa kwaya wanabishanaka sana juu ya mikro gani inatoa sauti nzuri. Basi sisi tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake lilibaki juu ya mikro.

Charlie Christian alizaliwa mwaka 1916 kule Bonham, Texas, Marekani, akakulia Oklahoma City. Baba yake alikuwa kipofu. Watoto walimushika mukono, wakapiga naye muziki njiani ili wapate chakula.

Wakati ule gitari katika orkestre haikusikilika. Tarumbeta na saksofoni ziliifunika. Mwaka 1936 Gibson walitoa gitari ES-150. Mikro yake ilikuwa kipande kirefu cha chuma chini ya nyuzi, kimezungushwa waya mwembamba sana, na sumaku mbili nzito zimefichwa chini ya ubao. Uzi ukitetemeka, umeme mudogo unazaliwa ndani ya waya, ampli inaukuza. Ni hivyo tu!

Charlie akaanza kupiga sauti moja moja kama mupiga saksofoni. Mwaka 1939 Benny Goodman alimusikiliza, hakumutaka. Jioni John Hammond akamuingiza jukwaani kwa siri, wakapiga wimbo mumoja zaidi ya nusu saa. Akapata kazi.

Kifua kikuu kilimuua tarehe 2 mwezi wa tatu 1942, New York, na miaka 25 tu. Hata leo watu wanatoa mikro ya gitari zao na kutia ile yenye jina lake. Lakini kaburi lake kule Bonham lilikaa miaka mingi bila jiwe.