Hassan Fathy, Msanifu Aliyeurudia Udongo

Katika jangwa la Fayum nchini Misri iko hifadhi iitwayo Wadi al-Hitan, yaani Bonde la Nyangumi, ambako mifupa ya nyangumi wa miaka kiasi cha milioni 40 iliyopita imelala mchangani. Jumba la wageni lililofunguliwa huko mwaka wa 2016 lina kuba, na rangi yake ni ya mchanga wenyewe. Si kazi ya Hassan Fathy, kwani yeye alikuwa amekwisha kufariki zamani. Walakini ni vigumu kuliona jengo kama hilo bila ya kumkumbuka marehemu huyo, aliyeshikilia kwamba nyumba ijengwe kwa kitu kilichopo pale pale miguuni, wakati wenzake hawakutaka kusikia ila saruji na chuma.

Alizaliwa Iskandaria tarehe 23 Machi, 1900. Baba yake alikuwa na mashamba lakini hakuwa na hamu ya kuishi huko, na Hassan mwenyewe hakutia mguu katika shamba lao mpaka alipokuwa na umri wa miaka 27, mwaka mmoja baada ya kuhitimu usanifu wa majengo mjini Cairo. Aliyoyakuta yalimtia simanzi: wakulima wamebanana katika vibanda vichafu. Tangu siku hiyo hakupata raha.

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, mbao na chuma ziliadimika. Fathy akaona ajenge kwa tofali za udongo zilizokaushwa juani. Kuta hazikumpa taabu, bali paa: kila alipojaribu kulipinda tao lilianguka. Ndugu yake, aliyekuwa akifanya kazi Aswan, akamwambia kwamba Wanubi wa huko huezeka kwa udongo mtupu bila ya kuegemeza ubao hata mmoja. Mwaka wa 1941 akaenda kujionea. Waashi wale walichora tao kwa udongo juu ya ukuta wa nyuma, kisha wakaziegemeza tofali ukutani kwa mshazari, safu juu ya safu, kila safu ikibebwa na iliyotangulia. Hesabu ya chuoni haikuwafundisha hayo. Walirithi kwa baba zao. Fathy akawachukua wawe walimu wake.

Mwaka wa 1945 alipewa kazi kubwa. Watu wapatao 7,000 wa Gourna, ng'ambo ya Luxor, walikaa juu ya makaburi ya watu wa kale, na wako waliojipatia riziki kwa kuyafukua. Serikali ilitaka kuwahamisha. Fathy akawajengea kijiji kipya chenye msikiti, soko, shule na ukumbi wa michezo. Kuta zilikuwa nene, ua ukiwa ndani, na juu ya shule akasimamisha malkaf, mnara wa kuunasa upepo na kuushusha madarasani. Wapwani waliozoea nyumba za mawe na chokaa hawahitaji kuelezwa sana, na aliyelala chini ya mabati mwezi wa Februari anajua tofauti yake.

Lakini wenyewe hawakuhamia. Riziki yao ilikuwa mlimani, na kuba walizijua kuwa ni za makaburi ya mawalii. Fathy aliandika kwamba usiku mmoja watu walilitoboa boma la mto ili maji yakizamishe kijiji. Mwaka wa 1948 kazi ilisimama, sehemu tu ikiwa imekwisha. Kwa maoni yangu lawama haiwaangukii wanakijiji peke yao. Mtu hapangiwi mahali pa kulala, hata pakiwa pazuri namna gani, kabla hajaulizwa atakula nini.

Mwaka wa 1957 alihama Misri akaenda Athens, akarudi baada ya miaka michache. Huko Baris, katika jangwa la Kharga, alijenga soko ambalo minara yake ya upepo ilipunguza joto la ghala za mboga kwa nyuzi 15 bila ya umeme. Vita vya Juni 1967 vikaikata kazi hiyo nayo.

Sifa zilimjia uzeeni. Kitabu chake juu ya Gourna kilitolewa Chicago mwaka wa 1973 kikasomwa duniani kote, na mwaka wa 1980 alipewa tuzo maalum ya Aga Khan ya usanifu. Mwaka huo huo, mzee wa miaka 80, alikwenda New Mexico, Marekani, pamoja na waashi wa Kinubi, wakawajengea Waislamu wa huko msikiti wa udongo.

Nyumba nyingi za Gourna mpya zimebomolewa na wakazi wenyewe wakajenga za saruji. Msikiti ungalipo, na UNESCO imesaidia kuyatengeneza majengo yaliyobaki. Fathy alifariki tarehe 30 Novemba, 1989, katika nyumba yake kuukuu ya Darb al-Labbana, karibu na ngome ya Cairo, alikokaa na vitabu vyake na paka wengi.