Siti binti Saad: Kutoka Mtumwa hadi Siti

Unapochambua nafasi ya mwanamke katika riwaya au tamthilia, wahusika ulio nao ni wa kubuni. Hapa nakuletea mtu aliyeishi. Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akapewa jina Mtumwa. Jina hilo lilieleza hali ya wazazi wake, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, ambao asili zao ni bara. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, lakini marufuku ya sheria haifuti dharau. Mtu aliyezaliwa hivyo aliendelea kuulizwa ukoo wake kila alikokwenda.

Shule hakuiona. Mama yake alifinyanga vyungu naye akavitembeza akivinadi, na watu wakaanza kuizoea sauti yake kabla hajaimba popote. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin akamfunza uimbaji, kisha akaungana na wapiga ala kama Subeti Ambari na Buda Swedi. Tambua kwamba wenzake katika kundi walikuwa wanaume.

Ili uelewe uzito wa hatua hiyo, ijue taarabu ya wakati ule. Ilikuwa burudani ya jumba la Sultani na ya mabwana wa mjini. Iliimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji wake walikuwa wanaume. Mwanamke wa heshima hakutarajiwa kusikika mbele ya wanaume wasio jamaa zake. Siti aliimba kwa Kiswahili, lugha ya wachukuzi, wavuvi na wapishi, na waliokuwa wakiisikia taarabu kwa mbali sasa wakaielewa. Akaalikwa kwa mabwana, na nyumbani kwake pia watu wakafurika kumsikiliza.

Wapinzani hawakunyamaza. Walimtungia wimbo wa kumkejeli, wakimkumbusha kwamba alitoka shamba akiwa amevaa kaniki. Sura yake nayo ikasimangwa. Hebu jiulize: ni mwimbaji gani wa kiume aliyewahi kukataliwa kwa sababu ya sura? Siti alijibu kwa wimbo vilevile, akishikilia kwamba uzuri na ukoo si kitu, akili ndiyo yenye thamani.

Watahiniwa wengi hupenda kuandika kwamba mwanamke wa aina hii 'alivunja mila zote', wakaishia hapo. Hoja hiyo haina mashiko. Siti aliimba akiwa amejifunika. Katika enzi ya utumwa, kujifunika kulikuwa alama ya mwanamke muungwana, mjakazi hakuruhusiwa. Kwa hiyo vazi ambalo msomaji wa leo angeweza kuliita kizuizi, kwa binti wa watumwa lilikuwa dai la heshima. Mila moja aliivunja, nyingine akaitwaa iwe yake. Mtahiniwa anayeziona pande zote mbili ndiye ninayempa alama zote.

Hata jina alilibadili. Siti ni neno lenye asili ya Kiarabu analoitwa bibi mwenye heshima, nalo alilipata akiwa tayari mwimbaji. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za santuri kwa nembo ya His Master's Voice. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Santuri hizo zilipigwa mikahawani hadi pwani ya Kenya, na msikilizaji wa Mombasa hakuhitaji kumwona wala kuujua ukoo wake.

Wala hakuimba mapenzi pekee. Wimbo wake kuhusu Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke kisha akatorokea bara, uliwafanya wasikilizaji waitazame upya haki ya mahakama za wakati huo. Usiupuuze unapojadili sanaa kama sauti ya wanyonge.

Mwishoni mwa maisha yake alihojiwa na Shaaban Robert, ambaye baadaye aliandika wasifu wake. Siti alifariki Julai 1950. Miaka mingi baadaye, wanahabari wanawake wa Tanzania chini ya chama chao, TAMWA, walipotafuta jina la jarida lao, waliliita Sauti ya Siti.