Arthur Ashe, bingwa aliyefungua milango ya tenisi

Vijana wanaojifunza tenisi Lugogo, Kampala, walikuwa hawajazaliwa Mmarekani Arthur Ashe alipozuru Uganda na nchi nyingine za Afrika mwaka 1970. Wakati huo utawala wa Makaburu wa Afrika Kusini ulikuwa umemnyima viza.

Ashe alizaliwa mwaka 1943 mjini Richmond, Virginia, ambako watoto weusi walizuiwa kucheza katika viwanja vya Wazungu. Mwaka 1968 akawa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja katika mashindano ya wazi ya Marekani. Kwa kuwa alikuwa mchezaji wa ridhaa, zawadi ya dola 14,000 ilimwendea Tom Okker, aliyeshindwa fainali.

Aliporuhusiwa kucheza Afrika Kusini mwaka 1973, alishikilia kwamba watazamaji wasitengwe kwa rangi. Mwaka 1975, akiwa tayari mchezaji wa kulipwa, alimshinda Jimmy Connors katika fainali ya Wimbledon.

Mwaka 1992 alitangaza kuwa ana Ukimwi, uliotokana na kuongezewa damu, miaka mitatu baada ya mwanamuziki Philly Lutaaya kujitangaza vivyo hivyo nchini Uganda. Alifariki mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 49.