Wilbur Atwater, mutu aliyepima chakula cha wafanyakazi



Hizi siku kuna vijana wetu wenye kuwa na programu ya kuhesabu kalori ndani ya telefone. Unaandika ile ulikula asubuhi, inakupa hesabu. Unaandika bukari ya mangaribi, inakuambia umepita ao umebakisha. Mwezi wa kwanza ni furaha. Kisha ulizo linatoka: tuendelee na hii kitu siku zote, ao tuiache?

Mbele ya kujibu, ni muzuri tujue maisha ya mutu aliyeingiza ile hesabu katika sahani ya mufanyakazi. Ni Wilbur Olin Atwater, mwalimu wa kemia wa Marekani. Amekufa tangu miaka zaidi ya 100, lakini telefone yako inapokuhesabia chakula, inatumia hesabu iliyotoka mukononi mwake.

Mutoto wa pasta

Atwater alizaliwa tarehe 3 Mwezi wa 5, 1844, ku Johnsburg, katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa pasta wa Kimetodiste, kanisa ambalo sisi watu wa Katanga tunalijua vizuri. Alisoma ku Vermont, kisha ku Wesleyan University, ku Middletown, jimbo la Connecticut, akamaliza mwaka wa 1865. Mwaka wa 1869 akapata udaktari wa kemia ku Yale. Kitabu chake cha kumaliza masomo kilikuwa juu ya mahindi: alichunguza kila aina ya mahindi iko na nini ndani. Sisi watu wa bukari, hapo tunaweza kumuita ndugu.

Akaenda Ujerumani kusoma tena. Aliporudia, alifundisha ku Tennessee na ku Maine, mpaka Wesleyan ikamuita. Mwaka wa 1875 wakamupatia kuongoza ku Middletown kituo cha kwanza cha jimbo ndani ya Marekani cha kuchunguza mambo ya kilimo. Kazi moja kubwa ilikuwa kupima mbolea zilizouzwa, kusudi mukulima asiibiwe. Tukumbuke hiyo: mizani yake ilianza kwa kumulinda mutu mudogo mbele ya muuzaji.

Mwaka wa 1882 alirudia Ujerumani, ku Munich, kwa Carl Voit. Huyo Voit na wanafunzi wake walikuwa wanapima chakula na hewa inayoingia na kutoka ndani ya mwili wa mutu. Atwater akaona njia yake ya maisha. Mashine inachoma makaa, mutu anachoma bukari. Kama tunaweza kupima nguvu ya makaa, juu ya nini tusipime nguvu ya chakula?

Kalori maana yake ni hii: ni moto unaohitajika kusudi kilo 1 ya maji ipande degre 1. Unachoma chakula ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chombo kiko ndani ya maji, unaangalia maji yamepanda kiasi gani. Hakuna uchawi ndani.

Mizani ndani ya nyumba za watu

Mwaka wa 1886 ofisi ya jimbo la Massachusetts iliyokuwa inachunguza hali ya wafanyakazi ilimuomba Atwater asaidie kuhesabu chakula cha familia za wafanyakazi. Kisha hapo yeye na wenzake walifanya uchunguzi ndani ya nyumba nyingi. Walipima chakula kilichokuwa ndani ya nyumba siku ya kwanza, wakapima kila kitu kilichonunuliwa, wakapima kilichobakia na kilichotupwa. Siku zilizopangwa zikiisha, walifunga kitabu na kuondoka na mizani yao.

Kwa ile kazi alitoa vipimo. Mwanaume wa kazi ya kadiri, Atwater alimuhesabia karibu kalori 3,500 kwa siku. Wa kazi ngumu, zaidi ya 4,000. Leo wajuzi wengi wanaona hesabu hizo ni kubwa, zaidi sana kwa upande wa protini. Lakini tuangalie namna alianza: aliuliza kwanza mutu anafanya kazi gani. Kwake hakukuwa hesabu moja ya watu wote.

Chumba cha shaba

Kazi yake iliyojulikana sana ilianza mwaka wa 1892. Pamoja na Edward Rosa, mwalimu wa fizikia, alijenga ku Wesleyan chumba kidogo cha kuta za chuma na mbao, ndani shaba: urefu wa mita 2 na kidogo, upana wa mita 1 na kidogo. Mutu aliingia humo, akafungiwa, akakaa siku na usiku. Kulikuwa kitanda, meza na kiti. Chakula kilipita katika dirisha dogo. Maji yalizunguka ndani ya mipira ya chuma na kubeba moto wa mwili, na kila degre iliandikwa. Hewa ilipimwa, mikojo na choo vilipimwa. Siku fulani mutu alilala tu, siku ingine alikanyaga kinga ya kupima kazi. Walioingia walikuwa wanafunzi na wafanyakazi wa maabara.

Matokeo yalikuwa wazi. Nguvu iliyoingia kwa chakula na nguvu iliyotoka kwa kazi na moto vililingana. Mwili wa mutu haupati nguvu bure, na haupotezi nguvu bila kuonekana. Mwenye kupiga kazi ngumu bila kula vya kutosha anajikula mwenyewe. Kila muchimbaji anajua hilo mwilini mwake. Atwater alilionyesha kwa mizani.

Kutoka hapo tulipata hesabu inayotumika mpaka leo: gramu 1 ya protini inatoa kalori 4, gramu 1 ya wanga ao sukari kalori 4, gramu 1 ya mafuta kalori 9. Njo maana kijiko kikubwa cha mafuta ya mawese kinapata kama kalori 120, na unga wa mahindi gramu 300 unapita kidogo kalori 1,000. Mwaka wa 1896 yeye na Charles Woods walitoa orodha kubwa ya vyakula vya Marekani na vile viko ndani yake.

Alipopima pombe, alikuta kwamba nayo inatoa nguvu mwilini, kalori 7 kwa gramu 1. Watu waliopigana na ulevi walimukasirikia sana, zaidi vile alikuwa mutoto wa pasta. Wauza pombe nao wakachukua hesabu yake wakaifanyia matangazo. Atwater hakubadilisha hesabu juu ya kuwapendeza hawa ao wale. Kalori inasema nguvu ni ngapi. Haisemi kama kile kitu ni kizuri kwako. Hilo nalo lituingie.

Hesabu ilipogeuka kuwa jibu la mushahara

Sasa tufike mahali panapotuhusu sisi wa sendika.

Atwater alipenda watu wa mushahara mudogo, hatutamunyima hilo. Aliona wanatumia pesa nyingi kwa nyama ya bei, wakati maharagi na unga vinatoa nguvu ileile kwa bei ya chini. Akawashauri wabadilishe. Lakini kulikuwa tajiri mumoja wa Boston, Edward Atkinson, aliyeichukua elimu hiyo na kuivuta mbali: kwake, shida ya mufanyakazi ilitoka zaidi ku jikoni kuliko ku mushahara. Afundishwe kununua nyama ya bei chini na kuipika polepole, atashiba na mushahara uleule.

Wafanyakazi walielewa mara moja. Eugene Debs, kiongozi wa watu wa reli, alikuwa kati ya waliopinga kwa nguvu. Kama kalori za kutosha zinapatikana kwa pesa kidogo, tajiri atasema: basi pesa kidogo inatosha. Mizani iliyomulinda mukulima inaweza kugeuka fimbo ya kumupiga mufanyakazi. Inategemea nani anaishika.

Hapa kwetu wazee wanajua hadisi hiyo bila kusoma Atwater. Union Minière ilitoa posho kwa kipimo: unga, nyama ao samaki, maharagi, mafuta, kwa mufanyakazi, bibi yake na watoto. Posho ilijaza tumbo, kweli. Lakini Mwezi wa 12, 1941, watu wa kazi waligoma wakiomba mushahara uongezwe, na ku Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walipigwa risasi. Tumbo lililopimwa vizuri halikumaliza madai yao, kwa sababu mutu hahesabiwi kama mashine ya kutiliwa makaa.

Kile mizani haikuona

Kulikuwa pia kitu ambacho Atwater hakuweza kujua. Vitamini zilikuwa hazijapata hata jina. Jina hilo lilitokea mwaka wa 1912. Kwa hesabu yake, majani ya mboga na matunda vilionekana kama kutupa pesa: kalori kidogo, bei kubwa. Kama angehesabu lengalenga na matembele yetu, angeviweka chini kabisa. Lakini ku migodi ya Johannesburg, mwanzo wa karne ya 20, wachimbaji walipata kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuoza na damu kutoka, ingawa walipewa unga. Kalori zilikuwako. Mboga ndiyo ilikosa.

Mwaka wa 1904 Atwater alipigwa na ugonjwa wa damu kwenye ubongo, hakufanya kazi tena. Alikufa ku Middletown tarehe 22 Mwezi wa 9, 1907, akiwa na miaka 63. Francis Benedict, aliyekuwa amefanya naye ile kazi ya chumba, aliiendeleza. Binti yake Helen naye alifanya kazi ya kufundisha watu mambo ya chakula.

Basi, tuendelee ao tuache?

Maisha ya huyu muzee yanatupatia jibu, kwa mawazo yangu.

Kwanza, kuhesabu ni shule. Fanya kama yeye alivyofanya ndani ya nyumba za watu: pima kwa siku zenye kujulikana, juma mbili, tatu, ao mwezi mumoja. Utajua bukari yako iko na uzito gani, mafuta kiasi gani yanaingia ndani ya sombe, pombe ya siku ya mushahara inaleta nini. Ukishajua, mukono wako mwenyewe unakuwa mizani. Mutu aliyemaliza shule habakii darasani mpaka uzee.

Pili, uangalie programu imekuweka katika kazi gani. Ikikupatia kalori 2,000 kama karani wa kukaa, na wewe unabeba mashine ya kutoboa jiwe saa 8 ndani ya joto, hesabu hiyo si yako. Kushuka ndani ya mugodi tumbo wazi juu ya kuifurahisha telefone ni hatari kwako na kwa ekipi yote. Kizunguzungu chini ya udongo kinaua.

Tatu, programu haiwezi kujua sahani yetu vizuri. Watu wanne wanakula ndani ya sahani moja. Nani atahesabu matonge ya kila mutu? Ukianza kukimbia sahani ya nyumba, ukaogopa kula mbele ya bibi na watoto kwa sababu hujui namna ya kuiandika, ile programu imepita mupaka wake. Siku hiyo uiache.

Ine, kuna watu wa kuendelea nayo: mwenye ugonjwa wa sukari, mwenye munganga wake alimupatia kipimo. Huyo aendelee, lakini aangalie hesabu pamoja na munganga, asibaki peke yake na telefone.

Tano, hesabu ya tumbo lako ni mali yako. Kama siku moja mukubwa wa kazi anakuomba umuonyeshe, uliza kwanza ni ya kufanya nini. Kama ni ya kuongeza chakula ku kantini, tuongee. Kama ni ya kusema munakula vya kutosha, basi mushahara ubakie pale, tunajua jibu. Wa reli walilitoa mbele yetu.

Atwater alitufundisha kwamba kazi inakula mutu, na kwamba inaweza kuhesabiwa. Tumushukuru kwa hilo. Tuhesabu kwa muda, tujifunze, kisha tufunge telefone, tunawe mikono na tukae pamoja na watoto wetu mbele ya bukari, na mboga ya majani isikose.