Abbas bin Firnas: Aliyeruka Bila Mkia



Ndugu msomaji, huenda nawe umeshatumiwa kwenye simu ile picha ya mzee mwenye mabawa, ikiwa na maneno kwamba Muislamu aliruka miaka elfu moja kabla ya Wazungu, akakaa angani dakika kumi. Mzee huyo alikuwepo kweli. Dakika kumi hazimo katika habari zake za zamani.

Jina lake ni Abul-Qasim Abbas bin Firnas. Asili yake ni Waberberi wa Takurunna, upande wa milima ya Ronda, kusini mwa nchi ambayo leo ni Hispania. Maisha yake yalikuwa Qurtuba (Cordoba), katika karne ya 9 Miladia, akiwa karibu na maamiri wa Bani Umayya: Abdurrahman wa Pili, kisha mwanawe Muhammad. Alifariki mwaka 274 Hijria, sawa na 887 Miladia.

Alikuwa mshairi, mjuzi wa falaki na fundi wa mikono. Kitabu cha al-Khalil bin Ahmad juu ya elimu ya arudhi kilipofika Andalusi, watu walishindwa kukielewa. Yeye ndiye aliyekifumbua. Alipata njia ya kutengeneza kioo kutokana na mawe, na njia ya kukata mawe ya bilauri, kazi ambayo kabla yake Waandalusi walikuwa wakiipeleka mpaka Misri. Alitengeneza saa ya kupimia nyakati. Nyumbani kwake alijenga mfano wa mbingu, mgeni akiingia anaona nyota na mawingu, anaona na umeme. Kwa maoni yangu kioo na bilauri vilimfaa mtu wa kawaida kuliko kuruka kwake, lakini habari ya kuruka ndiyo iliyosafiri.

Siku hiyo alijivika manyoya, akajifungia mabawa mawili, akajirusha kutoka mahali pa juu. Hewa ilimbeba, akaenda mbali kiasi cha kuwashangaza waliokuja kutazama. Kutua ndiko kulikomshinda. Alianguka, akaumia vibaya mgongoni.

Kosa lilikuwa mkia. Ndege anapotaka kutua hutanua mkia, huinua kifua, kasi hupungua, miguu ikatangulia kugusa chini. Ibn Firnas alishughulikia mabawa akasahau sehemu ya nyuma, kwa hiyo hakuwa na mizani wala breki. Na si yeye peke yake: mwanzoni mwa karne ya 11, mtawa wa Uingereza aitwaye Eilmer alijirusha na mabawa kutoka kwenye mnara huko Malmesbury, akavunjika miguu, naye akasema amekosa mkia.

Mtu atauliza: tunajuaje kwamba si ngano? Masimulizi yanayotegemewa zaidi yamo katika kitabu cha al-Maqqari wa Tlemcen, aliyefariki 1632, zaidi ya miaka 700 baadaye. Hilo peke yake lingetia shaka. Lakini Qurtuba ileile alikuwepo mshairi aitwaye Mu'min bin Said, hasimu wake, aliyemtungia beti za kejeli kwa kule kujivika manyoya ya tai na kujifanya ndege. Beti hizo zimehifadhiwa. Asiyempenda mtu hamzulii sifa. Anacheka jambo ambalo mji mzima unalijua. Basi shahidi wetu wa karibu kabisa ni hasimu wake, na ushahidi huo una uzito kuliko dakika kumi za kutungwa.

Mwaka 1976 shimo moja la mwezini lilipewa jina la Ibn Firnas. Baghdad kuna sanamu yake, kwenye njia ya uwanja wa ndege. Na tangu 2011, anayevuka mto Guadalquivir hapo Cordoba anaweza kupita juu ya daraja lenye jina lake.